Swali kwa Mkwe Wangu

Ijumaa, 1 Machi 1996. Kibirichia

Mvua bado. Mlima umejifunika tangu asubuhi lakini hakuna hata tone. Marehemu mume wangu, Salesio, hakukosa kuandika siku ya kwanza ya mwezi wa tatu kila mwaka: mvua imekuja, au haijaja. Mwaka jana hakuna aliyeandika hapa nyumbani, nilikuwa sijazoea hata kuitwa mjane. Mwaka huu naandika mimi. Haijaja.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani Mwirigi alikaa mbele yangu, kwa hivyo misa nzima nimesali nikitazama kisogo chake. Padri aliposema tupeane amani aligeuka, akanyoosha mkono. Nikampa wangu. Mkono wa mtu anayetaka kukunyang'anya shamba una joto kama mkono wa mtu mwingine yeyote.

Niseme kisa chenyewe mara moja, nisikirudie tena. Mwirigi ni jirani yangu. Mwaka wa tisini na tatu, mguu wa Salesio ulipoanza kuvimba, wanaume hawa wawili walibadilishana mashamba. Mwirigi achukue letu la chini, lile la udongo mweusi kando ya kijito, nasi tuchukue kipande chake kilicho nyuma ya nyumba yetu, ambako Salesio angeweza kufika kwa mkongojo. Misimu minne, kila mtu arudishe cha mwenzake. Walichinja mbuzi wakala, kama ilivyo desturi. Salesio akafa Desemba ya mwaka uliofuata. Nilipomwambia Mwirigi misimu imekwisha, alisema misimu gani? Kwamba walibadilishana moja kwa moja, na mbuzi ndiye shahidi. Mbuzi wa misimu minne na mbuzi wa milele ladha yake ni moja, na huyo mbuzi hawezi kuitwa kortini.

Akanishtaki. Hakimu wa kwanza akaagiza mtu yeyote asiliguse shamba mpaka kesi iamuliwe, kisha akahamishwa. Sasa linaota magugu tu. Shamba lile tulilifyeka mimi na Salesio mwaka wa uhuru, mimi nikiwa na mimba ya Lydiah. Likienda, nabaki na kipande kisichoweza kunilisha hadi mvua nyingine.

Jumanne, 5 Machi

Matone mawili matatu jioni. Vumbi limelala, basi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi kutoka kortini Meru. Kesi haikusikizwa. Hakimu mpya ni mama kijana kutoka Taita, sauti ndogo lakini kali. Amesema kesi itasikizwa tarehe ishirini na nane.

Hakimu wa kwanza alitusikiza ofisini mwake, kwa hivyo nilikuwa sijaingia katika chumba kile tangu Salesio astaafu. Alikuwa mkalimani wa korti ile zaidi ya miaka ishirini. Mtu wa kwetu akisema kwa Kimeru, yeye anamwambia hakimu kwa Kiingereza au Kiswahili, na maneno ya hakimu anamrudishia mtu kwa Kimeru. Siku za korti alikuwa akipiga pasi suruali yake mwenyewe, hakuniamini na mkunjo. Nami nilikuwa mwalimu, nimepiga pasi nguo nyingi kuliko yeye! Lakini mkunjo wa korti, alisema, ni kitu kingine.

Kiti chake bado kiko palepale kando ya meza ya hakimu. Sasa anakikalia Runji, kijana aliyefundishwa na Salesio, ingawa ujana wenyewe umeanza kumwacha kichwani. Alinisalimia kwa macho tu. Ndivyo inavyotakiwa.

Nilikaa benchi la nyuma nikatazama watu wakikosea. Mzee mmoja aliingia na kofia. Mama mmoja alikuwa anatafuna njugu. Mwingine alikunja nne, na askari akaja kumgonga goti kwa kirungu polepole. Nikajisemea, Felicitas, wewe humu ni nyumbani. Kila mtu ananihimiza nitafute wakili. Wakili wa nini? Mke wa mkalimani afundishwe korti na nani?

Mwirigi yeye ana wakili, Bwana Murithi, kijana mtanashati wa Nkubu. Alinifungulia mlango akaniambia, "Pita, mama." Nimempenda, ingawa ni wa adui.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua! Imepiga mabati usiku kucha. Nimepanda kipande cha nyuma ya nyumba chote. La chini linanywa maji bure.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mgongo.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimecheka peke yangu jikoni. Nilikumbuka watoto walipokuwa wadogo, wakigombana, Salesio alivyokuwa akikaa kwenye kiti chake na kuwapanga mbele yake. Marufuku kusemezana. "Hapa hakuna mtu anaongea na mtu mwingine," angesema. "Kila mtu anaongea na mimi." Na kwa sababu mahakimu huandika kila neno kwa mkono, aliwafundisha kusema sentensi moja kisha kungoja: tazama kalamu ya Mheshimiwa, ikisimama ndipo uendelee. Yeye mwenyewe hakuwa na kalamu yoyote, alikuwa anaandika hewani kwa kidole. Kufikia sentensi ya tatu watoto walikuwa wamesahau ugomvi wenyewe.

Nyumba ilikuwa na kelele wakati ule. Sasa nasikia hata kuni zikishika moto.

Alhamisi, 28 Machi

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nimekaa gizani. Nimewasha taa sasa. Nitaandika yote.

Askari alipiga kelele "Korti!", tukasimama, hakimu akaingia, tukainamisha vichwa, tukakaa. Mwirigi alitoa ushahidi wake kwa Kimeru, Runji akatafsiri. Nilipoambiwa nimuulize maswali, nilimuuliza kama watu waliofunzwa. Sentensi moja, nangoja kalamu. Nilimuuliza kwa nini, kama shamba ni lake milele, hakwenda kubadilisha hati siku za uhai wa Salesio. Alisema walikuwa marafiki. Nikasema sina zaidi. Nilijiona mkubwa, hata nikatamani Salesio angeniona.

Ndipo Bwana Murithi akasema, "Mheshimiwa, naita shahidi wa pili," na mlangoni akaingia Marete.

Marete ndiye mume wa binti yangu Lydiah. Wanakaa Embu, yeye anafanya kazi Posta. Nilijua alikuwapo siku ya mbuzi, lakini sikujua kama ameitwa. Na kuwapo kwake siku ile kulikuwa ni kwa sababu yangu. Lydiah alikuwa amejifungua, nikaenda Embu kumtunza. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani. Ndiyo nthoni, heshima na haya kwa pamoja. Vijana wa siku hizi wanaicheka, lakini mimi nililelewa nayo na Marete pia, na tangu amwoe Lydiah sijamwambia neno wala yeye kuniambia. Kwa hivyo nilipoingia nyumba yake ya Embu kwa mlango huu, yeye alitoka kwa mlango ule, akaja huku Kibirichia kukaa na Salesio. Na wiki hiyohiyo ndiyo wazee walipokula mbuzi wao.

Akashika Biblia, akaapa. Bwana Murithi akamuuliza kama aliona Salesio akimpa Mwirigi shamba. Ndiyo. Mwirigi naye akatoa lake? Ndiyo. Mbuzi akachinjwa? Ndiyo. Akala? Ndiyo, alikula. Basi. Bwana Murithi akakaa.

"Mama Felicitas," hakimu akasema, "una maswali kwa shahidi?"

Maswali! Nilikuwa na moja tu, na mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza. Walisema ni kwa muda gani? Nikasimama. Kizimba cha mashahidi kiko mkono wa kushoto, hatua chache tu. Sikuweza kuinua macho. Nilijikuta nimevuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni, na miguu yangu ikanigeuza yenyewe kuelekea ukuta wa kulia.

"Mama, huwezi kuipa mahakama mgongo."

Nikageuka nusu. Marete naye alikuwa akitazama dari kama mtu anayehesabu mbao. Watu walinong'ona. Najua walichofikiri: huyu mwanamume anadanganya, na huyu mama hana la kusema.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Una swali?"

Ulimi ulikataa. Si kwamba niliogopa. Ulikataa tu, jinsi mkono unavyokataa kuingia motoni. Nikasikia hakimu akisema taratibu huku akiandika, "Hana maswali." Marete akaambiwa ashuke. Alipita nyuma yangu na viatu vyake vikilia.

Nakumbuka Salesio alisema neno la shahidi ambalo halikuulizwa swali husimama kama mti. Nimemwachia mkwe wangu mti wa kunining'inizia.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Sijatoka nje.

Jumamosi, 30 Machi

Leo ni hasira. Msaliti! Mwanamume niliyempa binti, akala mbuzi wangu wa arusi na wa siku ya mahari, akaja kula wa Mwirigi na kumtolea ushahidi. Natamani ningemwambia ana kwa ana, halafu nakumbuka kwamba hilo ndilo lililonishinda.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Lydiah amekuja na watoto. Bila yeye, bila shaka. Nilimwacha ale, kisha nikamwambia maneno yote. Alilia, halafu akanikasirikia.

"Mama, unafikiria alijipeleka? Aliletewa samansi kazini. Si ukikataa unashikwa?"

"Na wewe hukuweza kuniambia?"

"Alikataa kuniambia hata mimi! Wakili alimwonya shahidi haongei na upande ule mwingine. Na akamwambia ajibu tu kile ameulizwa, asiongeze chumvi. Ameniambia, Lydiah, korti si mchezo, nikikosea nafungwa. Unamjua Marete. Hata kwa taa za barabarani husimama kukiwa hakuna gari."

Hilo ni kweli, nimesikia akichekwa kwa hilo.

"Kwa hivyo kuna jambo anajua ambalo hakulisema."

Lydiah akamfunga mtoto kitambaa. "Sijui, mama. Tangu siku hiyo halali vizuri."

Baadaye tulikwenda kaburini kwa Salesio kung'oa majani. Lydiah akaniuliza kama bado naamini baba yake alikufa akisali. Maana Marete, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikapu ya jirani siku ile, mimi nikiwa sokoni Kiirua, na Salesio akakata roho njiani. Kwenye mazishi katekista alimuuliza Marete mbele ya watu maneno ya mwisho ya marehemu, naye akasema marehemu alikuwa akisema zaburi mwanzo hadi mwisho wa safari. Watu wakasema Amina. Mimi nikasema Amina. Lakini Salesio hakuwa mtu wa zaburi barabara nzima. Salesio angemwambia dereva apunguze mwendo, angeuliza bei ya viazi Kiirua. Nimetaka kuuliza, lakini wa kuulizwa ni yule yule. Nilimtuma Lydiah mara moja akaleta jibu lilelile la zaburi.

Jumatatu, 8 Aprili

Lydiah amerudi Embu. Nimemfungia viazi na kabeji.

Alhamisi, 11 Aprili

Magugu ya shamba la chini yamefika kiunoni. Nimesimama kwenye ua na kuyatazama tu, jembe mkononi. Mwirigi naye alikuwa amesimama upande wake akiyatazama. Akasema, "Magugu mabaya sana, mama Lydiah." Nikasema, "Sana." Tukaondoka. Zamani tungelikuwa tumeyang'oa pamoja na kunywa uji, na mkewe angekuwa anamcheka Salesio kwa jinsi alivyokuwa akishika jembe kama kalamu.

Jumanne, 16 Aprili

Leo kesi ilikuwa ya kutajwa tu, si kusikizwa. Niliamua usiku: afadhali haya kuliko njaa. Hakimu alipouliza kama pande zote ziko tayari kuendelea, nilisimama.

"Mheshimiwa, naomba shahidi wa pili arudishwe. Nina swali."

Bwana Murithi alisimama kabla sijamaliza. "Tunapinga, Mheshimiwa. Mshtakiwa alipewa nafasi yake. Mahakama ilimuuliza mara mbili."

"Mama, kwa nini hukuuliza siku ile?"

Nikaeleza. Mbele ya watu wote wa korti, na askari, na wezi wa kuku waliokuwa wakingoja zamu yao. Kwamba shahidi ni mume wa binti yangu. Kwamba kwetu sisi hatusemezani. Kwamba sikuipa mahakama mgongo kwa dharau, nilikuwa nampa mkwe wangu heshima. Masikio yangu yaliwaka moto. Runji alitazama meza.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Wakili, wewe ni wa huku?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nkubu."

"Mila hiyo unaifahamu?"

Akarekebisha tai. "Naifahamu, Mheshimiwa. Lakini ilikuwa juu yake kuieleza mahakama, si juu yangu."

Yule aliyenifungulia mlango! Alijua tangu mwanzo. Alimchagua Marete kama mtu anavyochagua ufunguo. Sheria inamruhusu, nadhani, na adabu zake zote ziko sawa, tai, viatu, "Mheshimiwa" kila baada ya neno. Nilimtazama nikaona mtu mdogo sana.

"Mahakama haina mama mkwe," hakimu akasema. "Kila anayeapishwa ataulizwa maswali. Lakini ombi limekubaliwa. Shahidi arudi tarehe tisa Mei. Mama, siku hiyo uje umejiandaa. Sitakubembeleza."

Jumatano, 17 Aprili

Baridi. Palizi.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua imezidi, viazi vya nyuma ya nyumba vimeanza kushikwa na baridi majanini. Nimenyunyiza dawa. Usiku najaribu kusema jina lake kwa sauti: Marete. Paka anageuka kunitazama. Nikijaribu na swali lenyewe, ulimi unakataa.

Jumatatu, 6 Mei

Bado unakataa.

Alhamisi, 9 Mei

Korti ilijaa. Habari ilikuwa imeenea, na watu wa kwetu hawakosi sinema ya bure. Nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Ni yule wa kuuliza mkwe." Nikanyoosha shingo.

Marete aliapishwa tena. Nilisimama. Sakafu ya chumba kile ni ya mbao, na kuna mahali imelika mbele ya kiti cha mkalimani. Nilikuwa nikiangalia hapo.

"Mama?"

Nikahisi kitambaa kikishuka tena machoni, na mkono unaokishusha ni wangu.

Hakimu akangoja. Halafu akasema, si kwa ukali, "Mama Felicitas, nitazame mimi. Shahidi, na wewe nitazame mimi. Hapana, si dari. Mimi. Nisikilizeni nyote wawili. Humu ndani hakuna mtu anayeongea na mtu mwingine. Kila mtu anaongea na mimi. Mama ataniambia anachotaka kujua, na shahidi ataniambia anachojua. Nyinyi wawili si lazima mtazamane, na sioni kama mna sababu ya kusemezana."

Mungu wangu. Ni maneno ya Salesio, neno kwa neno, kutoka kinywa cha msichana wa Taita ambaye hakumjua hata siku moja. Nilishika ukingo wa meza. Nikamtazama huyo hakimu usoni, na ulimi ukafunguka.

"Mheshimiwa, naomba kujua kama siku ya mbuzi ilisemwa ni kwa muda gani."

Kalamu ikaandika. Kalamu ikasimama. Upande wangu wa kushoto nikasikia sauti ya mkwe wangu, na nilishangaa kwamba ni sauti laini, karibu ya mtoto.

"Mheshimiwa, walisema misimu minne. Mwirigi akauliza, na mvua ikikosa? Baba mkwe akasema msimu wa njaa hauhesabiwi. Wakacheka. Halafu ndiyo mbuzi akachinjwa."

Chumba kizima kilinong'ona na askari akapiga meza.

"Kwa nini hukusema hivyo Machi?" hakimu akauliza.

"Sikuulizwa, Mheshimiwa. Niliambiwa nijibu kile nimeulizwa, nisiongeze."

Bwana Murithi akasimama. "Shahidi, wewe unataka kumsaidia mama mkwe wako, sivyo? Mmepanga jibu hili!"

"Mheshimiwa," Marete akasema, na sauti ikamkatika kidogo, "mimi na huyu mama hatujawahi kuongea. Tangu nioe. Hata leo naongea na wewe."

Hakuna aliyecheka. Mwirigi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Huyo alikuwa mbele kabisa kwenye jeneza la Salesio, akilia kwa sauti. Alilia kweli. Nafikiri alianza kwa kulipenda shamba, halafu akasahau lilikuja vipi.

"Mama, una swali lingine?"

Hapo ndipo nilipokosea, au sikukosea, sijui. Niliona njia iko wazi, mlango ambao ulikuwa umefungwa tangu Lydiah aolewe, na nikajua utafungwa tena nikikaa.

"Mheshimiwa, naomba kujua mume wangu alisema nini kwenye gari siku aliyokufa."

Bwana Murithi tayari alikuwa amesimama. Hakimu alimwinulia mkono.

"Mama, jibu la swali hilo linahusu shamba hili?"

Ningesema ndiyo. Mtu mwerevu angesema ndiyo. Lakini nilikuwa mahali pa kazi pa Salesio.

"Sijui, Mheshimiwa."

Kalamu haikuandika kitu. "Basi siwezi kuliruhusu. Samahani, mama. Unaweza kukaa."

Nikakaa. Nimeshinda, nadhani. Runji ameniambia nje kwamba nimeshinda. Lakini njia nzima ya kurudi nimelia, na mvua imenisaidia watu wasione.

Jumapili, 19 Mei

Mvua inapungua. Nimemwombea Marete kanisani. Ilichukua muda kulitamka jina.

Jumamosi, 8 Juni

Jua na ukungu. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 27 Juni

Hukumu imesomwa. Shamba la chini ni la marehemu Salesio na warithi wake. Mwirigi arudishiwe kipande chake cha nyuma ya nyumba nikishavuna. Hakimu alisoma kwa sauti ile ndogo, akafunga faili, akaita kesi nyingine, ya mtu aliyemvunja mwenzake jino.

Nje Mwirigi alinijia. Akasema, "Mama Lydiah, tumeharibu." Nikasema, "Wewe umeharibu, usinitie." Halafu nikamwambia asije na maneno, aje na mkewe, tunywe uji. Sikupanga kusema hivyo.

Bwana Murithi alinifungulia lango. Nilipitia lingine.

Jumamosi, 6 Julai

Wamekuja kutoka Embu wote, Lydiah, watoto, na yeye. Kuja kulima! Alianza juu karibu na ua, mimi na Lydiah tukaanza chini kando ya kijito, kila upande ukiupa mwingine mgongo, kama inavyopasa. Magugu yana mizizi mirefu kama kamba. Udongo chini yake bado ni mweusi, umepumzika, una harufu ileile ya mwaka wa uhuru. Nilipoisikia nilimkumbuka Salesio kijana, bila shati, akipiga kisiki na kuapa kwamba hapa patatulisha mpaka tuzeeke. Pametulisha. Yeye tu ndiye hakungoja kuzeeka vizuri.

Kufikia saa sita tulikuwa tumekaribiana, katikati ya shamba, bado migongo. Nikasikia jembe lake limesimama. Akakohoa. Halafu akasema kwa sauti, akiwa ameuelekea mlima:

"Mheshimiwa."

Lydiah akageuka. Nikamshika mkono atulie.

"Mheshimiwa, kuna swali liliulizwa tarehe tisa Mei, sikuruhusiwa kulijibu. Naomba kulijibu sasa."

Mlima haukusema kitu. Akaendelea, sentensi moja, anangoja, sentensi nyingine, akisema polepole hata ningeweza kuandika.

"Marehemu hakusema zaburi. Hiyo nilitunga, kwa sababu ya aibu. Alisema dereva anaenda mbio sana. Halafu akaniambia, Marete, nikifa, mwambie mama Lydiah asivae lile gauni jeusi kwenye mazishi yangu. Halimpendezi, linamfanya kama mchungaji wa Kipresbiteri. Avae la maua. Akacheka. Halafu hakusema tena." Jembe likagusa jiwe. "Mheshimiwa, mimi ningemwambiaje mama mkwe wangu habari ya nguo zake? Ningeanzia wapi?"

Lydiah alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikaa chini palepale kwenye mtaro, kwa udongo, na kicheko kikanishika mpaka nikalia, na kilio kikanishika mpaka nikacheka, na watoto wakaja mbio kuona bibi amefanya nini. Gauni hilo nilivaa kwenye mazishi. Nilivaa kanisani mwaka mzima wa matanga. Nilivaa kila siku niliyokwenda kortini, nikijua ndilo la heshima, nikijua angefurahi kuniona nalo.

Nilimwambia Lydiah ampelekee mumewe chakula kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na nyama yote.

Sasa wamelala, na gauni liko hapa magotini. Salesio, mwongo mkubwa wewe. Si wewe ndiye uliyelinunua?